Lita 9,150 au lita 2,787? Kuhusu kikokotoo kinachosoma vipimo

*Swali: Mimi ni fundi bomba, nafanya kazi Dodoma na vijiji vya jirani. Mteja anataka tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa lake. Nilipima paa, futi 40 kwa futi 30, yaani 1,200. Nikagawa kwa 3.28 ili nipate mita, ikaja 366. Nikazidisha kwa mm 25, ambayo ni mvua nzuri ya siku moja, nikapata lita 9,150, nikamshauri anunue tangi la lita 10,000. Kijana wangu anayesoma chuo akaingiza hesabu hiyohiyo kwenye programu ya kikokotoo ambayo unaandika namba pamoja na kipimo chake, ikamletea lita 2,787. Mimi nimetumia kikokotoo cha simu miaka yote na sijaharibu kazi ya mtu. Tena hiyo programu nilipoijaribu kujumlisha lita na kilo ilikataa, wakati kila mtu anajua lita moja ya maji ni kilo moja. Je, niiamini? Na kama ni nzuri, nitumie ipi?*

Ndugu fundi, umefanya vizuri kuandika namba zako zote mpaka ile 3.28, kwa sababu kosa limejificha humo humo. Kijana wako yuko sahihi. Lita 9,150 ni zaidi ya mara tatu ya maji yatakayoanguka juu ya paa hilo. Ila usikimbilie kumpelekea mteja ile 2,787, maana nayo bado haijawa jibu lake. Tutafika huko.

Kwanza hiyo 3.28. Ni idadi ya futi zinazoingia kwenye mita moja ya urefu. Wewe ulikuwa umeshazidisha futi kwa futi, kwa hiyo ulichokuwa nacho mkononi ni futi za mraba. Chukua chaki uchore sakafuni mraba wa mita moja kila upande, kisha fikiria unaupanga vigae vya futi moja kwa futi moja. Upande mmoja vinaingia 3.28, upande wa pili 3.28 vilevile. Jumla ya vigae ni 3.28 mara 3.28, yaani 10.76. Hiyo ndiyo namba ya kugawia: 1,200 kwa 10.76 ni mita za mraba 111.5. Ukitaka kuhakikisha bila kunitegemea mimi wala programu, badilisha kila upande kabla ya kuzidisha. Futi 40 ni mita 12.192, futi 30 ni mita 9.144, zidisha. Unarudi palepale kwenye 111.5.

Hatua ya mvua uliifanya sawasawa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, ndiyo maana 111.5 mara 25 inatoa 2,787 bila kuongeza wala kupunguza kitu.

Unasema hujawahi kuharibu kazi, nami nakuamini. Kazi yako ya kila siku haikulazimishi kubadilisha eneo. Unanunua bomba kwa jina lake, unapima urefu kwa tepu, unakata. Kikokotoo cha simu kinakutosha mpaka siku ambayo namba zinazidishana na vipimo vyake vinabadilika bila wewe kuona. Siku hiyo kitakupa jibu zuri la kitu ambacho hukukiuliza, na hakitatoa sauti.

Programu ya kijana wako inafanya kazi tofauti, na ni vizuri uelewe inavyofanya, maana ukishaelewa utajua wapi pa kuiamini. Kikokotoo cha kawaida kinabeba namba tu. Hii inabeba namba na daftari dogo linaloandika namba hiyo imetengenezwa na nini: urefu mara ngapi, uzito mara ngapi, muda mara ngapi. Ukiandika futi 40, daftari linasema urefu mara moja. Ukizidisha kwa futi 30, linasema urefu mara mbili, yaani eneo. Ukizidisha tena kwa mm 25, linasema urefu mara tatu, yaani ujazo. Mwisho unaiomba lita. Inaangalia lita imetengenezwa na nini, inakuta nayo ni urefu mara tatu, inakubali na kubadilisha. Futi kwake ni mita 0.3048 kamili, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1959, kwa hiyo haikadirii kama tunavyokadiria kwa 3.28. Hesabu yako nzima inaandikwa mstari mmoja:

40 ft * 30 ft * 25 mm to L

Huoni 3.28 popote, wala 10.76. Hakuna namba ya kubadilishia ya kukumbuka, kwa hiyo hakuna ya kukosea. Na kama ungesahau upande mmoja ukaandika futi 40 mara mm 25 tu kisha ukaomba lita, ingekukatalia, kwa sababu urefu mara mbili hauwi lita hata ukiulazimisha.

Sisi kwa Kiswahili tuna tabia nzuri hapa ambayo tunaipoteza tukishika simu. Tunatanguliza kipimo: kilo mbili, lita tano, mita kumi. Dukani huwezi kusema "nipe mbili" ukaeleweka. Lakini tukifika kwenye kikokotoo tunaandika 2, 5, 10, vipimo tunabaki navyo kichwani, na kichwa kikichoka vinaanguka.

Sasa lile la lita na kilo, ambalo naona limekuudhi. Programu ilifanya vema kukataa. Lita moja ya maji ni kilo moja, ndiyo. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, na lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo moja na nusu. Programu haijui umejaza nini kwenye ndoo. Inakudai umwambie, kwa kuandika kwamba maji yana kilo moja kwa kila lita, kisha itajumlisha bila ubishi. Kudai huko ndiko unakokulipia, ingawa nyingi ya programu hizi ni za bure.

Kuna ndege iliyokosa mafuta angani kwa sababu hiyohiyo ya lita na kilo. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton, huko Kanada. Nchi ilikuwa inahama kutoka paundi kwenda kilo, na ndege hiyo ilikuwa ya aina mpya inayohesabu mafuta kwa kilo. Geji za mafuta zilikuwa mbovu, wakapima kwa ufito: lita 7,682 zimo ndani. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili kugeuza lita kuwa uzito wakatumia namba waliyoizoea, 1.77. Namba hiyo ni sahihi kabisa, ila ni paundi kwa lita. Ya kilo kwa lita ni 0.8 hivi. Wakazidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaziita kilo, wakatoa kwenye 22,300, wakagawa tena kwa 1.77, wakaongeza lita 4,916. Zilihitajika lita zaidi ya 20,000. Ndege ikazimika injini zote mbili ikiwa katikati ya safari. Rubani aliiongoza ikielea kama tiara mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga pale Gimli, Manitoba, na watu wote 69 wakatoka hai.

Angalia vizuri, ndugu yangu: hesabu zao za kuzidisha, kutoa na kugawa zilikuwa sawa, na zilirudiwa zaidi ya mara moja. 1.77 ilikaa kwenye karatasi peke yake. Kama pembeni yake pangeandikwa "paundi kwa lita", mtu yeyote angeona kwamba ukizidisha na lita unapata paundi. Programu inayobeba vipimo ingewaambia palepale.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba ukishaiweka programu umemaliza makosa. Inalinda aina moja tu ya kosa, lile la vipimo kutolingana. Mengine inayapitisha kimya kimya, na kwenye kazi yako yapo mengi.

La kwanza liko kwenye paa hilohilo. Ulipopima futi 40 kwa 30, ulipima wapi? Kama ulipanda juu ukalaza tepu kufuata mteremko wa bati, umepata eneo la bati, na si la mvua. Mvua inaanguka kutoka juu, inaona tu kivuli cha paa chini. Pima chini, kutoka tone la ukingo mmoja mpaka tone la ukingo wa pili. Kwa paa lenye mteremko mkali tofauti si ndogo. Programu haiwezi kujua ulisimama wapi.

La pili ni maji yanayopotea: yanayoruka nje ya gata, yanayolowesha bati kavu, yale ya kwanza unayoyamwaga kwa sababu ya vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa paa la bati watu wengi hukadiria kwamba asilimia 80 ndiyo inayofika tangini. Hiyo 0.8 haina kipimo, ni namba tupu, kwa hiyo ukiisahau programu haitakuuliza. Ukiiweka, 2,787 inashuka hadi lita 2,230. Hii ndiyo namba ya kuzungumza na mteja.

La tatu ni majina yanayofanana na vipimo. Wewe unajua bomba la nusu inchi kuliko mimi. Mwambie programu ibadilishe nusu inchi, itakupa mm 12.7, na itakuwa sahihi kabisa, na haitakusaidia chochote. Bomba la chuma tunaloliita la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha mm 21.3, na uwazi wa ndani unazidi hiyo 12.7. "Nusu inchi" hapo ni jina la saizi. Ukitaka kuhesabu maji yanayopita, pima uwazi wa ndani kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), au soma milimita zilizochapwa kwenye bomba la plastiki ukatoe unene wa kuta zote mbili.

Galoni nayo ina mtego. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na ile ya rangi dukani kwetu ni kopo la lita 4. Programu nyingi ukiandika galoni bila maelezo zinachukua ya Marekani. Pampu iliyoandikwa galoni 10 kwa dakika inaweza kuwa ya lita 38 au ya lita 45, na wewe ndiye wa kutafuta imetengenezwa kwa kipimo kipi. Debe ndilo hawalijui kabisa, lakini programu nzuri inakuruhusu kulifundisha: unaandika mara moja kwamba debe ni lita 20, kisha unalitumia kama kipimo kingine chochote. Fanya hivyo, wateja wako wanafikiri kwa madebe.

Na ukifunga hita za maji, kuwa mwangalifu na nyuzi joto. Maji yenye nyuzi 40 za selsiasi ni 104 za farenhaiti. Lakini kuyapandisha maji *kwa* nyuzi 40 za selsiasi ni kuyapandisha kwa 72 za farenhaiti. Ya kwanza ni hali, ya pili ni tofauti kati ya hali mbili, na programu karibu zote zina namna mbili za kuandika kwa sababu hiyo. Soma maelezo yake kabla ya kuitegemea hapo.

Nikuonyeshe sasa mahali ambapo programu hii ingeniokoa mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilisimamia pampu ya kisima cha shule. Kutoka kwenye maji mpaka mdomo wa tangi kulikuwa na mita 45. Pampu ilikuwa ya mtumba, kibandiko chake kimefifia, hedi, yaani kimo ambacho pampu inaweza kuinua maji, imeandikwa 130. Nikaona mita 130 ni nyingi sana kwa mita 45, nikaridhika. Tukaishusha. Mota ikanguruma, maji hayakufika. Tulipoitoa nikafuta kibandiko kwa kitambaa chenye mafuta, zikaonekana herufi mbili ndogo za futi. Futi 130 ni mita 39.6. Tulifanya kazi siku mbili kuvuta bomba juu na watoto wakibeba ndoo kutoka mtoni. Tangu siku ile sisomi namba ya pampu bila kuiandika na kipimo chake, na kama kipimo hakionekani, naihesabu kama namba isiyopo.

Kwa pampu ndipo ninapoipenda zaidi programu ya namna hii. Chukua lita 40 kwa dakika, zipande mita 25. Mtu anazidisha 40 kwa 25, anapata 1,000, anafurahi: pampu ya wati elfu moja! Kikokotoo cha simu kitakubaliana naye. Andika hiyohiyo na vipimo, pamoja na kilo moja kwa lita, kisha omba wati. Itakataa, itakuonyesha kwamba ulichonacho ni kilo-mita kwa dakika. Umesahau mvutano wa dunia, mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde. Ukiuweka pamoja na vipimo vyake, jibu ni wati 163.5, na ile dakika imeshageuzwa sekunde bila wewe kuigusa. Kisha gawa kwa ufanisi wa pampu. Tuseme ni asilimia 40, unapata wati 409. Nusu hospawa ni wati 373, kwa hiyo haitoshi kwa hapo. Ufanisi, kama ile 0.8 ya paa, ni namba tupu. Hiyo lazima uikumbuke mwenyewe.

Uliuliza utumie ipi. Kama una kompyuta, iwe ya Windows, Mac au Linux, chukua Qalculate!. Ni ya bure, ina skrini ya kawaida ya kikokotoo, na mstari ule wa paa unauandika kama nilivyouandika. Yenyewe ukiijumlishia lita na kilo inaweza kuziacha zimekaa pembeni kila moja kivyake badala ya kukugombeza, hilo lisikushangaze. GNU Units ni ya zamani na inaaminika, ila inataka mtu anayezoea kuandika amri, kijana wako ataipenda. Kwenye simu ya Android kuna Frink, na faida yake kwa sisi tunaofanya kazi vijijini ni kwamba hesabu hizi za vipimo hazihitaji mtandao. Kisanduku cha kutafutia cha Google nacho kinafanya hesabu ya futi, mm na lita ukikiandikia, lakini mtandao ukikata umekwama.

Ukiwa unatumia Excel kuandaa bei, fahamu kwamba ina amri ya CONVERT inayogeuza futi za mraba kuwa mita za mraba vizuri, ila baada ya kugeuza inabaki na namba tupu kwenye kisanduku. Haikumbuki chochote. Andika kipimo kwenye kichwa cha kila safu. Na kwa programu yoyote, weka mabano unapogawa, kwa sababu hazisomi "1/2 m" kwa namna moja. Tofautisha pia herufi kubwa na ndogo: m ndogo na M kubwa mbele ya kipimo zinaachana mara bilioni moja.

Turudi kwa mteja wako. Tangi la lita 10,000 huenda likawa sawa, ila kwa sababu nyingine kabisa na uliyompa. Mweleze kwamba mvua moja ya mm 25 itampa lita 2,230, hivyo litajaa baada ya mvua nne na nusu za namna hiyo, kama hachoti katikati. Kisha muulize wako wangapi nyumbani. Wakiwa sita, kila mmoja debe moja kwa siku, ni lita 120 kwa siku. Gawa 2,230 kwa 120 na vipimo vyake: lita inakatana na lita, zinabaki siku 18 na nusu. Tangi lililojaa litawafikisha siku 83. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu kuliko hapo, na ni bora alijue hilo kabla ya kulipa. Takwimu za mvua za miezi mbalimbali ziulize ofisi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, usitegemee mvua moja nzuri unayoikumbuka.

Kuna mambo mawili ambayo usiyamalize kwa programu wala kwa barua hii. Dawa ya kutibu maji tangini inapimwa kwa miligramu kwa lita, na nguvu ya dawa yenyewe hutofautiana kati ya chupa na chupa; nenda na chupa kwa bwana afya wa kata yako akuhesabie mbele yako. La pili ni mnara wa kuinulia tangi. Lita 10,000 ni tani 10 za maji, kabla hujahesabu tangi lenyewe, na mzigo huo ukikaa mita tatu juu ya udongo unaotitia hausubiri. Kama mteja anataka liinuliwe, mwite mhandisi wa majengo aone udongo kwa macho yake kabla hujachimba shimo la nguzo ya kwanza.